Anayeshika Pampu Hasalimii

Nimestaafu Ijumaa iliyopita, saa tisa na nusu mchana, nikiwa na miaka kumi na saba. Najua kustaafu ni neno la watu wenye mvi, lakini aliyelitumia ni Mwalimu Mkude mwenyewe. Alisema kidato cha nne wote tuache klabu tukajiandae na mtihani wa taifa, na kwamba kila anayestaafu aandike kwenye daftari la klabu mambo ambayo wanaobaki wanapaswa kuyajua. Wenzangu wameandika nusu ukurasa. Mimi kuongea mbele za watu siwezi, kwa hiyo huwa naandika sana. Mtanivumilia.

Kazi yangu ilikuwa kushika pampu. Niliishika zaidi ya miaka miwili. Vyeo sitavieleza, maana kilikuwa kimoja tu, na nilikipata kwa sababu mwenye nacho aliugua malaria.

Niliingia klabu ya anga nikiwa kidato cha pili, na kusema kweli sababu yangu haikuwa anga. Ilikuwa lazima kila mwanafunzi achague klabu. Midahalo ni kuongea. Kwaya ni kusimama mbele. Skauti ni kupiga kelele ukiwa umevaa skafu. Nikauliza kwa siri ni klabu gani watu hawaongei, nikaambiwa niende kile chumba kilicho jirani na karakana, kwa wale wanaopuliza kigololi.

Chumba mnakijua. Madirisha mawili, moja linatazama mlima, na mlima wenyewe mara nyingi umejifunika mawingu. Nilimkuta dada Neema wa kidato cha nne, mtoto wa Turiani, ameinama mezani na pampu ya baiskeli mkononi, anapulizia kigololi. Nikamwambia shikamoo dada. Hakugeuka.

"Marahaba," akasema. "Usitikise meza."

Hakusema kitu kingine kwa dakika ishirini. Nikaona hapa pananifaa.

Wiki iliyofuata Mwalimu Mkude alitueleza kile kigololi kinaigiza nini. Aliuliza nani ameshapanda milima ya Uluguru kwa miguu. Mimi nimepanda mara nyingi, bibi mzaa mama anakaa kule juu, lakini sikunyoosha kidole. Akaeleza hivyo hivyo. Alisema njia inapovuka katikati ya vilele viwili, pale mnapotua mizigo kupumzika, pana umbo la tandiko la punda. Kulia mlima unapanda, kushoto mlima unapanda, lakini mbele njia inashuka, na nyuma mlikotoka nako kunashuka. Weka chungwa pale katikati. Likienda kulia litarudi, likienda kushoto litarudi. Likienda mbele au nyuma, limekwenda, utalikuta bondeni. Nilijua anachosema kwa sababu nilishapoteza chungwa pale.

Basi angani pana mahali pa namna hiyo, panaitwa nukta ya pili ya Lagrange. Piga mstari kutoka kwenye Jua hadi kwenye Dunia, kisha uendeleze huo mstari kilomita milioni moja na nusu upande wa pili wa Dunia. Kwa kawaida kitu kilicho mbali na Jua kuliko sisi huzunguka polepole kuliko sisi, na tungekiacha nyuma. Lakini pale Dunia inaongeza mvuto wake juu ya ule wa Jua, na mivuto hiyo miwili kwa pamoja inatosha kukifanya chombo kimalize mzunguko wake kwa mwaka mmoja, sambamba nasi. Ndiko ilikopelekwa ile darubini kubwa ya angani miaka michache iliyopita. Ilitumia kama mwezi mzima kufika. Inapenda pale kwa kuwa Jua, Dunia na Mwezi vyote viko upande wake mmoja, kwa hiyo mwavuli mmoja unaikinga na joto la vyote vitatu. Na haikai kwenye nukta yenyewe. Inaizunguka, duara kubwa la kama miezi sita, kwa sababu kuizunguka kunakula mafuta kidogo kuliko kung'ang'ania katikati, na pia ili kivuli cha Dunia kisiinyime mwanga wa kujitengenezea umeme.

Nilimnong'oneza dada Neema, sasa inazunguka nini, ikiwa pale katikati hakuna kitu?

"Inazunguka mahali," akasema. "Kama hilo linakukosesha raha, umeshakuwa mwanachama."

Sasa vifaa, maana ndivyo mtakavyobaki navyo. Tandiko letu la mfano, lile la mezani, la kwanza lilikuwa la udongo, likapasuka kiangazi. La pili la saruji, likawa na mikwaruzo, kigololi kikawa kinakwama na kutupa matumaini ya uongo. Hili la sasa alilichonga fundi mmoja wa huko njia ya Mazimbu, kutoka kwenye kipande cha msaji. Alituuliza kigoda hiki atakikalia nani, maana kimepinda. Mwalimu akamwambia hakuna atakayekikalia, ndiyo kazi yake. Fundi akatuangalia sana.

Mpira nao tulihangaika nao. Wa tenisi ya mezani ni mwepesi mno, ukiupulizia unakwenda Dodoma. Gololi ya kioo ni nzito, haisikii pampu. Ni dada Neema aliyeng'oa kile kigololi cha plastiki kwenye kichwa cha chupa ya marashi ya kwapani, na kikawa sawasawa. Mpaka leo tandiko linanukia. Vya akiba viko viwili ndani ya kopo la kahawa, msivikopeshe. Pampu ipakeni tone moja la mafuta ya kula pale kwenye ngozi ya ndani, tone moja, si chakula cha jioni. Ule mrija wa kalamu mbele ya pampu ukiziba, toboeni kwa sindano. Na masika yakianza futeni tandiko kwa kitambaa kikavu kila asubuhi, mbao zinakunywa unyevu na kigololi kinabadilika tabia.

Pampu iko upande mmoja tu, upande tulioandika JUA kwa chaki. Kila mgeni huuliza kwa nini tusiweke mbili. Jibu ni kwamba darubini yenyewe iko hivyo. Injini zake zote ziko upande wa joto, upande wa Jua, kwa sababu upande wa baridi ndiko kwenye vioo, na vioo haviruhusiwi kuona Jua hata kidogo. Kwa hiyo inaweza kujisukuma kwenda mbali na Jua tu. Kurudi haiwezi, na kugeuka haiwezi. Kwa sababu hiyo roketi iliyoipeleka iliirusha pungufu kidogo, kwa makusudi, na ile safari ikajaziwa njiani kwa misukumo midogo, wa kwanza saa chache tu baada ya kuondoka. Wangeizidisha, wangeikosa milele.

Kwetu ni hivyo hivyo. Kigololi kinaachiwa juu ya kile kipande cha mwanzi kinachokielekeza kwenye tandiko, kwenye alama nyekundu, ili kifike karibu na mgongo wa tandiko, pale mteremko unapogeuka, lakini kisiuvuke. Kikifika kinaanza kuyumba kulia na kushoto, taratibu, na huku kinakuegemea wewe. Ukiona kinakuegemea unakipa pumzi. Ndogo. Karibu na mgongo kinateleza polepole mno, unaweza kudhani kimetulia, na hapo ndipo watu hudanganyika. Ukirekebisha mapema, pumzi ya mtoto mchanga inatosha. Ukichelewa sekunde tatu, pampu nzima haitoshi. Ukizidisha, kinavuka mgongo, na kuanzia hapo kila unachofanya kinakisogeza mbali zaidi. Darubini yenyewe inarekebishwa kila baada ya wiki tatu hivi, sisi kila baada ya sekunde tano au sita. (Mfano wetu unadanganya kidogo, mwambieni mgeni ukweli. Angani hakuna mbao ya kusugua, kwa hiyo kule kuyumba hakuchoki. Kwetu kunachoka, na kikichoka mnaanza upya.)

Mimi nina wasiwasi wa kuzaliwa nao. Nikifunga mlango narudi kuangalia kama nimefunga. Nikiwasha jiko, nikienda kwa jirani, narudi kuangalia kama bado linawaka, kisha narudi kuangalia kama nililizima nilipoangalia. Nyumbani wananiita mlinzi. Kwenye pampu wasiwasi ule ulipata ajira. Dada Neema aliliona hilo kabla yangu. Alipopata ile malaria aliniachia pampu wiki mbili, na aliporudi hakuidai tena, akavuta kiti akakaa nyuma yangu. Alinifundisha kutazama kigololi chenyewe na si mkono wangu, na kutongojea mpaka niwe na uhakika, maana uhakika ukifika kigololi kimeshaondoka. Sasa yuko kidato cha sita.

Kesi ngumu ilikuja nikiwa kidato cha tatu. Kidato cha kwanza waliingia wengi mwaka ule, wengine wakawa wanasomea nje, pembeni mwa bwalo, na Mkuu wa shule akataka chumba chetu kiwe darasa. Sikumlaumu, wala sasa simlaumu. Alimwambia Mwalimu Mkude kwamba hawezi kuwaweka watoto juani ili kigololi kikae kivulini. Mwalimu akaomba atuangalie kwanza. Wakakubaliana kwamba siku ya wazazi atapita, na akikuta kazi inayofundisha kitu, atafikiri upya.

Siku ile nilikuwa nimekishikilia dakika nne. Wazazi wamezunguka meza. Kisha Mkuu akaja akasimama begani kwangu, upande wa kushoto.

Mikono yangu iliondoka yenyewe kwenye pampu. Naapa sikuituma. Goti likakunjika, kichwa kikainama, nikasema shikamoo mwalimu, na yeye akasema marahaba, na katikati ya hayo maneno mawili nikasikia tak, tak, tak. Kigololi kilikuwa kimeshuka tandiko, meza, na sasa kiko sakafuni.

Mkuu akainama akakiokota. Akakinusa.

"Hiki ni nini?" akauliza.

Alikiweka mezani polepole na kusema ataangalia mara moja tu tena, kwenye maonyesho ya wilaya mwezi wa nane. Kikianguka mbele ya wageni, madawati yanaingia Jumatatu yake.

Nililia chooni vipindi viwili. Nilikuwa nimepoteza chumba cha watu thelathini kwa sababu ya goti. Mwalimu Mkude hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema nimelelewa vizuri, ndilo tatizo lenyewe, na kwamba hakuna kitabu chochote cha fizikia kitakachotusaidia hapo. Tukakaa kikao. Mmoja akapendekeza tubandike karatasi mezani, USISALIMIE. Wakamzomea. Mzee anakuja na fimbo yake anakuta karatasi inamkataza kuamkiwa? Tungefukuzwa kabla kigololi hakijafika mgongoni.

Ndipo akasimama Salma, ambaye wakati huo ni kidato cha kwanza na ana wiki tatu klabuni. Mnamfahamu Salma. Mama yake anauza vitunguu barabarani Dumila, na mtoto amerithi sauti ya kusimamisha basi.

"Mimi nitamsalimia mtu yeyote kwa niaba yake," akasema. "Yeye ashike pampu yake. Si lazima mdomo uwe wa kwake."

Mwalimu aliandika kanuni hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari hili, angalieni: anayeshika pampu hasalimii, mwenzake anasalimia kwa niaba yake. Tukaanza mazoezi. Kila aliyeingia, hata mpishi, hata mlinzi wa geti, Salma alipiga goti akasema shikamoo, na Zuhura anakuamkia, Zuhura ndiye mimi. Mimi kazi yangu ilikuwa kutokunja goti. Sijawahi kufanya zoezi gumu kama lile. Nilimweleza mama, akasema klabu yetu inafundisha utovu wa adabu kisayansi.

Maonyesho yalikuwa mjini, uwanjani, chini ya turubai. Sikuwaza juu ya upepo hadi nilipofika. Ule upepo unaoshuka mlimani mchana ulikuwa unakichukua kigololi kabla hata hakijamaliza mwanzi. Tukatundika kanga tatu kuzunguka meza, tukawa kama tunauza maandazi. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mzee aliyefundisha hesabu miaka mingi, sasa anatembelea fimbo. Tuliambiwa atafika kwetu saa tano. Saa tano kasoro dakika kumi nilikiachia kigololi, kikakaa vizuri, Salma yuko kulia kwangu ananong'ona, uko sawa, uko sawa.

Kisha mwalimu mmoja wa mapokezi akaingiza kichwa kati ya kanga akamwagiza Salma akalete kiti cha mgeni rasmi. Mwalimu Mkude alikuwa nje anaongoza msafara. Salma akanitazama, akamtazama yule mwalimu. Huwezi kumwambia mwalimu siendi, kuna kigololi. Akaenda mbio.

Nikabaki peke yangu. Nilisikia fimbo kabla ya watu. Tok, kisha miguu, tok. Kanga ikasogezwa. Pembeni mwa jicho niliona kitambaa cha zambarau na mkono umeshika fimbo, na nyuma yake viatu vya Mkuu wetu, nilivijua. Wakasimama.

Hakuna aliyewaamkia. Ukimya ule nauogopa mpaka leo. Kigololi kilikuwa kushoto, kinaanza kurudi, kinaniegemea. Goti langu la kulia lilianza kukunjika. Nikahesabu: nikisalimia kama nilivyofundishwa ni sekunde nne, na sekunde nne sina. Nikikipa pumzi kubwa ili ninunue hizo sekunde, kitavuka. Na nikinyamaza, Mkuu ataona mwanafunzi wake amemnyamazia mtu mzima mbele ya wilaya nzima. Nikatoa pumzi ndogo, ile ya mtoto mchanga. Kisha nikafungua mdomo.

"Shikamoo mama," nikasema, macho kwenye kigololi. "Naomba unisamehe, siwezi kukutazama. Nikikutazama kitaanguka."

Pumzi moja ya pampu.

"Marahaba mwanangu," akasema. "Usinitazame."

Akasogea karibu. Akauliza kwa nini ninapuliza kutoka upande mmoja tu. Nikamweleza habari ya vioo na joto, nikapuliza, nikamweleza habari ya kurushwa pungufu, nikapuliza. Nilikuwa naongea. Sikuwa nimeongea na mtu nisiyemjua maneno mengi kiasi kile tangu nizaliwe. Nadhani iliwezekana kwa kuwa sikutakiwa kumwangalia usoni, na kumwangalia mtu usoni ndiko kunakonishinda siku zote.

"Na kikivuka?" akauliza.

"Kikivuka, mama, sina namna. Kila nitakachofanya kitakipeleka mbali zaidi."

"Kwa hiyo muda wote unakiacha karibu na kuanguka, kwa upande wako."

"Ndiyo mama."

Alisimama pale, nikasikia na yeye pumzi zake zimeanza kufuata pampu. Baadaye akamwambia Mkuu taratibu, kama watu wanavyoongea kwenye chumba cha mgonjwa, "Huyu yuko kazini. Tusimsumbue." Fimbo ikaondoka, tok, tok.

Kilianguka walipofika meza ya tatu. Mkono ulikuwa umekufa ganzi. Salma aliingia na kiti kichwani, akakiona kigololi chini, akakaa kwenye kile kiti cha mgeni rasmi na kuanza kulia, na mimi sauti ilikuwa imeniisha, nikashindwa kumwambia kwamba wageni walishapita kabla hakijaanguka.

Jumatatu Mkuu alimwita Mwalimu Mkude. Chumba kibaki mwaka mmoja, alisema, kisha ataangalia tena. Klabu nzima ikaruka. Mimi nikamfuata mwalimu nikamuuliza, na mwaka ukiisha? Akacheka kidogo. Alisema hata darubini ile haijapewa mahali pa kukaa, imepewa wiki tatu, na zikiisha inatafuta tatu nyingine, mpaka siku mafuta yatakapokwisha.

Mwaka huo unaisha mwezi ujao. Ndiyo maana nimeandika yote haya. Mkuu atakuja na atasimama begani, upande wa kushoto, ndipo anapopapenda. Mimi nitakuwa kwenye mtihani wa majaribio na sitaweza kusaidia. Sijalala vizuri wiki hii.

Ijumaa nilimkabidhi Salma ufunguo, pampu na kopo la kahawa, daftari nikabaki nalo niandike haya. Hatukusema mengi, yaani mimi sikusema, yeye alisema. Nilipofika getini nikapata wasiwasi kwamba dirisha la upande wa mlima sikulifunga, na mvua ilikuwa inajikusanya kule juu. Nikarudi.

Mlango ulikuwa wazi. Salma ameinama mezani, pampu mkononi, kigololi kinayumba. Alijua ni mimi, hatua zangu anazijua. Salma, ambaye hajawahi kunyamaza hata msibani, hakugeuka. Pembeni yake alisimama msichana wa kidato cha kwanza ambaye hata jina lake silijui. Akapiga goti.

"Shikamoo dada," akasema. "Na Salma anakuamkia."

Nikasema marahaba. Dirisha lilikuwa limefungwa.